Sindano Niliyoiharakisha

Jumanne, nyumbani Wazo

Mtani wangu Ngonyani hajui kilichotokea siku nilipomfanyia upasuaji. Nimemficha tangu enzi za kazi yangu hadi sasa, ambapo mikono hii haishiki hata kikombe bila kumwaga.

Amekuja mchana na papai. "Shikamoo dokta. Hujafa tu? Nimechoka kusubiri ubwabwa wa msiba wako!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu mke wangu afariki, ni yeye pekee anayebisha hodi hapa. Nikimwambia, atabisha tena?

Siku ile ya upasuaji tulikuwa tukimtoa jiwe la figo kupitia tundu dogo mgongoni. Figo hupanda na kushuka mtu anapohema, hivyo sindano ya kufungua njia huingizwa pumzi ikiwa imesimamishwa kidogo. "Bado, dokta," alisema mtaalamu wa usingizi. Sikusubiri. Sindano ikaichana figo, damu ikafurika, ikabidi tumpasue kabisa na kuitoa figo yenyewe.

Nikawaambia ndugu zake kwamba jiwe lilikuwa limeshaiozesha. Walinishukuru. Yeye hunishukuru hadi leo, na mie hupokea.

Leo nilifungua kinywa nimwambie, nikaishia kumuuliza habari za wajukuu. Basi angalau niandike.

Figo ile ilikuwa nzima. Niliiharibu mimi.