Magadi, Kiungulia na Habari ya Dada Skola

Levolosi, Arusha
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Mbinga? Kahawa mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika na vibarua? Huku Elia hajambo, karakana yake ya kuchomelea pale Daraja Mbili inaendelea, na mjukuu wako anapiga mateke vizuri tu. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu kaka Deo anaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza. Haya ni ya kwako peke yako.

Mama, naogopa.

Kiungulia kilinianza mimba ikiwa na miezi mitano. Mwanzoni nilicheka, maana mafundi wenzangu wa cherehani walisema mtoto atazaliwa na nywele za kusuka kabisa. Kufika mwezi wa saba hakikuwa kicheko tena. Nikiinamia cherehani tu, moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, mdomo unajaa maji machungu. Nikawa nasinzia nimekaa, nimeegemea ukuta.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka kwao Meru na mkungu wa ndizi, maziwa, na magadi kwenye mfuko, haya haya ya kulainishia maharage. Wao huyaloweka, yakituama wanakunywa yale maji ya juu. "Kunywa mwanangu," akaniambia, "mimi nimezaa saba, wote kwa haya." Na kusema kweli yalinituliza! Nikawa nakunywa asubuhi, mchana na jioni, wiki tatu. Kliniki sikusema kitu. Niliona dawa ni ile ya dukani, magadi ni kitu cha jikoni, nimsumbulie nini nesi wa watu?

Wiki iliyopita pete ikagoma kutoka, viatu vikagoma kuingia. Nikasema ni kwa kukaa sana. Ijumaa kliniki nesi akanipima presha. Akaniambia nikapumzike kwenye benchi, akanipima tena, akachukua kalamu.

"Unatumia dawa gani ya kienyeji?"

"Hakuna."

"Na kiungulia unakitulizaje?"

"Maji ya magadi tu."

Akaweka kalamu chini. "Magadi tu? Dada, hiyo ni chumvi kali unakunywa kutwa mara tatu, na presha yako imepanda."

Hakunigombeza, ila alinieleza mpaka nikatamani anigombeze. Mkojo wamepima, bado msafi, nishukuru. Magadi niache siku ile ile. Nile kidogo kidogo mara nyingi, nisilale mara baada ya kula, kichwa na mabega viinuke kitandani, nipunguze pilipili, ndimu na chai ya rangi. Alinipa na vidonge vya kutafuna vinavyofaa kwa mjamzito. Hata hivyo, akasema, nikitaka kumeza kitu kingine chochote nimuulize kwanza, hata kama kinatoka jikoni.

Halafu akasema neno ambalo limeninyima raha. Kiungulia kinaunguza kifuani na kooni. Maumivu yakikaza juu ya tumbo, chini ya mbavu upande wa kulia, au kichwa kikiuma sana, au nikiona vimulimuli, nisiseme ni kiungulia. Niende hospitali saa ile ile. Sasa mama, kila kikipanda nakaa najipapasa mbavu kama kichaa. Ni hiki au ni kile? Elia akiniuliza nina nini namwambia sina kitu.

Mama mkwe nilimweleza taratibu, kwa heshima zote. Alilia. "Nilitaka kukusaidia, mwanangu," akasema, akachukua mfuko wake wa magadi akaenda kuumwaga nje. Simlaumu, hata kidogo.

Lakini sijafika kwenye kilichonifanya niandike. Siku ile ile ya Ijumaa nesi alinipeleka kwa daktari, naye aliuliza kama kwetu kuna ndugu wa tumbo moja aliyepata presha au kifafa cha mimba. Nikajibu hakuna. Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye cherehani, nikamkumbuka dada Skola.

Nilikuwa na miaka tisa. Namwona amekaa barazani na mimba yake, uso umejaa, ameshika hapa juu ya tumbo, anaomba maji ya majivu kwa sababu kiungulia kinamuua. Anasema anaona nyota mchana. Ukatutuma mimi na Deo tukachume kahawa. Tuliporudi kina mama walikuwa wanalia uani. Tukaambiwa Mungu amempenda, basi. Watu wanakuita Mama Skola hadi leo, lakini ndani ya nyumba yetu sijasikia mtu akieleza ilikuwaje.

Barua hii anakuletea mke wa jirani yangu, Mmatengo mwenzetu, anasafiri kesho. Ukishaisoma nenda kwa shangazi, azima simu yake, funga mlango, unipigie wewe mwenyewe. Jumatatu ijayo, si hii ya kesho, narudi kliniki, na daktari ana jibu la uongo kwenye faili langu. Skola alipatwa na degedege kabla hajakata roho? Miguu ilikuwa imevimba tangu lini? Najua nakutonesha, mama, nisamehe.

Nisalimie kaka Deo na wifi, shangazi, na padri msaidizi aliyenifundisha komunyo. Uwaambie sijambo.

Ila wewe mama usiniambie Mungu alimpenda. Niambie Skola alikufaje, ili mimi nisife.

Binti yako mmoja aliyebaki,
Anjela