Orodha Yenye Doa la Chai

Soma kwanza, usinijibu.

Mdogo wangu amekubali. Leo asubuhi, kwa kinywa chake: "Kaka, nipeleke popote wakanitibu. Nimechoka na pombe na hivyo vidonge." Miaka sita nimelingoja neno hilo.

Nikampeleka ofisi ya afya ya mkoa. Karani hata macho hakuinua. "Vituo vyote vya tiba ya ulevi vya mkoa viko hapa, mzee wangu. Chagua." Akanipa nakala yenye muhuri.

Mwandiko wangu!

Nakwambia mwandiko WANGU. Ile orodha mimi na wewe tuliyowapelekea mwaka ule wa maandamano, kulalamika kwamba vituo vinafungwa. Hata doa la chai yako limo. Wamegonga muhuri juu ya malalamiko yetu, wakayafanya jibu.

Nikamwambia, "Haya ni malalamiko, mama."

"Ndiyo hayo hayo tunayotumia."

Namba zote saba za simu zilizomo kwenye orodha nimepiga. Ya kwanza kapokea muuza magodoro. Zilizobaki hazipatikani.

Mdogo wangu yuko kwenye benchi, jasho linamtiririka. Kaniuliza, "Kwani hawanitaki?" Nikamfuta jasho kwa leso yangu.

Sasa sikia. Yule nesi niliyemwita kibaraka wa serikali mbele ya mkutano mwaka ule, nasikia ana vitanda vinne vya wagonjwa kama huyu. Nitumie namba yake. Sijasahau nilichomwita, na yeye hajasahau. Nitapiga magoti.

Mdogo wangu kasema atangoja mpaka saa kumi. Hivi sasa ni saa tisa na nusu.