Kikao cha Baraza Kuhusu Ndekirwa na Jani la Isale

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA BARAZA LA NYUMBA YA WANAFUNZI, SHULE YA MISHENI, JUU YA KIMANDOLU

Tarehe: Jumatatu ya Pentekoste, 5 Juni 1911
Mahali: Ndani ya kanisa, milango ikiwa imefungwa

Waliohudhuria:
Mzee Lemburis, Mwenyekiti
Mwalimu Loserian, Katibu
Mzee Koikai, mjumbe na mzazi
Mama Hanna, mjumbe na msimamizi wa jiko

Walioitwa: Bwana Shomari, mwenye duka karibu na boma, Anyesi, wa darasa la wasichana, Ndekirwa, aliyekuwa mwanafunzi.

Wasiokuwapo: Bwana Mchungaji, aliye safarini Moshi. Mama Lydia, mjumbe, alituma neno kwamba amewapeleka watoto wake kwa dada yake Tengeru mpaka mambo yatulie.

KUMB. NA. 1/1911: SABABU YA KUKUTANA

Mwenyekiti alisali kwa sauti ya chini, akawaomba wajumbe nao waseme kwa sauti ya chini. Alieleza kwamba Ndekirwa, aliyetoroka shuleni wakati wa masika, alirudi jana asubuhi. Katikati ya hapo alikamatwa, akapelekwa kazi ya barabara, na huko pia ametoroka baada ya kumsukuma mnyapara aliyekuwa akimpiga.

Bwana Shomari aliombwa aseme aliyoyasikia mjini. Alisema ombasha mmoja wa boma na askari walio chini yake wametumwa kumfuata, na kwamba amewapita Kimandolu wakila kwa jumbe. "Wazee wangu, nimepanda mlima huu mbio, na mimi si mtu wa mbio. Wakimaliza ubwabwa wanakuja. Mtoro huchapwa viboko mbele ya watu, kisha mnyororo. Na nyumba iliyomficha hutiwa moto. Hilo sikulisikia, nimeliona."

Mama Hanna aliuliza kama ubwabwa huo ulikuwa mwingi. Bwana Shomari alijibu kwamba haukuwa mwingi.

KUMB. NA. 2/1911: JANI LILILO MADHABAHUNI

Kwa faida ya Bwana Mchungaji, atakayesoma kumbukumbu hizi, Katibu anaeleza. Kwa Wameru, mtu aliyekosa huenda kwa aliyemkosea akiwa na jani la isale, mmea ule mrefu unaopandwa mipakani mwa migomba. Halisemwi neno. Jani likipokelewa, msamaha umetolewa, na kumgeuka mtu huyo baadaye ni jambo baya kuliko kosa lenyewe. Waarusha hawana jani hilo. Wao hung'oa majani mabichi ya malishoni, huyashika mkononi, na mwenye majani hayo hapigwi.

Anyesi alieleza kwamba jana alikuwa akipamba kanisa kwa sikukuu. Ndekirwa alisimama kwenye mlango wa pembeni, ameinamisha kichwa, ameshika jani kwa mikono miwili. "Mimi nilidhani ameleta pambo. Tulipungukiwa. Nikamwambia asante, nikalichukua, nikaliweka pale kati ya mishumaa. Akaanza kulia. Nikafikiri labda ni mgonjwa."

Mama Hanna, ambaye ni Mmeru, alisema kwamba jani limepokelewa, tena mahali ambapo yeye hangethubutu kulipeleka, na ushirika wote ulisali mbele yake. Mzee Koikai alisema binti wa Kiarusha hawezi kupokea asichokijua. "Mbuzi akila hati ya shamba, shamba linakuwa la mbuzi?" Mama Hanna alimwomba asimwite mtoto wa watu mbuzi. Mzee Koikai alisema hakumwita. Mwenyekiti aliwakumbusha wote wawili kuhusu sauti.

KUMB. NA. 3/1911: UDHAMINI

Mwenyekiti alieleza kwa nini jambo la jani ni zito. Bwana Mkubwa wa boma alikubaliana na Bwana Mchungaji kwamba mwanafunzi wa shule hii hachukuliwi kazi ya barabara, iwapo mzee mmoja wa Baraza atasimama na kusema, "Huyu ni wetu, namdhamini." Mzee akisema uongo, adhabu ya kijana inakuwa yake. Kwa hiyo, kama Ndekirwa amesamehewa, yeye ni mwanafunzi, na anaweza kudhaminiwa. Kama hakusamehewa, ni mtoro tu aliyekaa kanisani.

Mwenyekiti aliuliza nani atamdhamini. Hakuna mzee aliyesimama. Mwenyekiti alisema yeye mwenyewe ana umri mkubwa na mgongo wake hauna nyama. Katibu naye hakunyoosha mkono. Inaandikwa hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama Hanna alisema angesimama, lakini boma halitambui dhamana ya mwanamke, aliwahi kujaribu.

KUMB. NA. 4/1911: MALALAMIKO YA MZEE KOIKAI

Mzee Koikai aliomba nafasi. Wajumbe wanajua habari hii, lakini inaandikwa. Siku Ndekirwa alipotoroka shuleni, zamu ya kuteka maji ilikuwa yake. Mtungi ulikutwa mtupu, na Lemayian, mtoto wa Mzee Koikai, akaenda chemchemi badala yake. Watu wa jumbe walimkuta hapo wakamchukua kazi ya barabara bila kuuliza. Makubaliano ya udhamini yalifanywa baada ya hapo, kwa sababu ya malalamiko ya Mzee Koikai. Lemayian hajarudi.

Mzee Koikai alisema: "Mnaniomba nimdhamini mtu aliyemwuza mwanangu kwa mtungi wa maji? Jani lake amelileta kwa shule. Shule imepoteza nini? Shule ina wanafunzi wengine."

Kisha alimgeukia Ndekirwa, akamwuliza kama huko barabarani alimwona Lemayian.

Wajumbe wote walimtazama Ndekirwa. Katibu anakiri kwamba alitamani kijana aseme ndiyo.

Ndekirwa alijibu: "Shikamoo, Baba. Sikumwona. Walisema kundi lake lilipelekwa upande wa Momela kubeba mbao. Nimeuliza kila aliyetoka huko. Nikisema nimemwona, nitakuwa nakudanganya ili uniokoe."

Mzee Koikai hakuitikia salamu. Alikaa. Kisha alisema, kwa Kimaasai, kwamba yeye ni Mwarusha, si Mmeru, jani lile halimjui.

Anyesi aliondoka bila ruhusa ya Mwenyekiti, akafungua mlango wa pembeni. Mwenyekiti alimkataza, hakusikia au alijifanya hakusikia. Alirudi na majani mabichi yenye mizizi na udongo, akampa Ndekirwa, akamwonyesha namna ya kuyashika. Alisema njiani chini kofia nyekundu za askari zimeshaonekana.

Ndekirwa alipiga magoti mbele ya Mzee Koikai na majani yale. Udongo ulimwagika miguuni pa mzee.

Mzee Koikai aliyatazama. Kisha aliyapokea, akasema, "Haya. Inuka. Zamu ya maji bado ni yako."

KUMB. NA. 5/1911: KUFIKA KWA OMBASHA

Ombasha alifika na kugonga mlango kwa kitako cha bunduki. Mwenyekiti aliamuru ufunguliwe. Ombasha aliuliza mtoro yuko wapi. Mzee Koikai alisimama mbele ya Ndekirwa, majani yakiwa bado mkononi, akasema, "Mtoro hayupo. Huyu ni mwanafunzi wetu, namdhamini. Mimi ni Koikai. Mwanangu mnaye ninyi."

Ombasha alicheka, akasema, "Mzee, unajua adhabu ya uongo?" Mzee Koikai alijibu kwamba anajua. Ombasha alisema Bwana Mkubwa atataka kuyasikia maneno hayo mwenyewe, na kwamba Mzee Koikai afike bomani keshokutwa asubuhi. Askari walipiga teke benchi moja, likavunjika mguu, wakaondoka. Ndekirwa hakuchukuliwa.

Baraza liliazimia kwamba Ndekirwa amerudishwa masomoni kuanzia jana, na asitoke nje ya uwanja wa shule. Mwenyekiti alipendekeza wajumbe wote wamsindikize Mzee Koikai bomani. Mzee Koikai alikataa. Alisema wazee wengi bomani ni ghasia, mzee mmoja ni shahidi. Aliongeza kwamba akiwa huko atauliza habari za Momela.

KUMB. NA. 6/1911: MWISHO WA KIKAO

Mwenyekiti alianza sala ya kufunga. Mama Hanna aliimaliza. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Hakuna mjumbe aliyetoka mara moja.

Kabla ya kutia sahihi, Mzee Koikai aliomba jina lake liwekwe chini peke yake, mbali na majina mengine, ili boma likitafuta mtu wa kumwadhibu lisitafute zaidi ya hapo. Ombi lilikubaliwa. Mama Hanna alipinga.

Lemburis, Mwenyekiti (sahihi)
Loserian, Katibu (sahihi)



Aliyempokea kijana: Koikai (dole gumba)