Klabu Itoe Zamu Mbili na Beki kwa Ajili ya Mwanangu?

Mpendwa Mshauri Noreen,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumatano, maana siku hiyo lazima niseme ndiyo au hapana mbele ya wakubwa zangu na mimi usingizi umenipaa kabisa. Mimi ni msaka vipaji wa klabu ya mpira ya Yarrabee hapa magharibi ya Melbourne, kazi yangu ni kuzunguka viwanja vya vijana na kuwaambia wakubwa nani anafaa, na zamani niliichezea klabu hiyohiyo, nikavaa jezi namba ishirini na saba, nikacheza mechi tisini na tisa. Ukisikia namba hiyo najua umeshacheka. Kila mtu hucheka, hata muuza pai pale uwanjani hunisalimia "Tisini na Tisa, habari za kukosa moja?", kwa sababu sheria yetu ya baba na mwana inasema ukifikisha mechi mia, klabu yako inaweza kumchukua mwanao bila kumgombania na wengine, na mimi nilibakiza hiyo moja.

Ile ya mia nilikuwa nimeahidiwa. Akina mama wa kikundi cha washangiliaji walikuwa wameshabandika jina langu kwenye lile bango kubwa la karatasi ambalo mchezaji hulipasua akiingia uwanjani, na mimi nilipanga kulipasua nimembeba mwanangu, alikuwa hajaanza hata kutambaa, basi asubuhi ile goti likavimba, kocha akaniambia utacheza msimu ujao, na msimu ujao ulipofika mimi sikuwemo.

Mtoto huyo, tumwite Rohan, sasa ana miaka kumi na minane na hakuna fowadi mdogo anayemfikia mwaka huu. Nikimwona anakimbia naiona miguu yangu mwenyewe, naona aibu kusema lakini machozi hunitoka, nageuka pembeni kama nafuta miwani. Natamani, Mshauri. Natamani jina la ukoo wetu lisomwe tena kwenye spika za uwanja ule, natamani mpaka kifua kinauma.

Sasa shida iko hapa. Usiku wa kuchagua vijana klabu huchagua kwa zamu, iliyoshika mkia inaanza, na zamu yetu ni ya kumi na mbili. Rohan hatafika huko. Ya nne wanayo watu wa Perth na wameshasema wanamtaka, kwa hiyo tukimtaka sisi lazima tupande mpaka ya tatu, ambayo wanayo watu wa Adelaide, na wao wako tayari kubadilishana ila wanataka zamu yetu ya mwaka huu, na ya kwanza ya mwakani, na beki wetu kijana Declan ambaye ndio kwanza amepanga nyumba hapa na mchumba wake. Kwenye kikao cha klabu wawili wanataka, wawili hawataki, na mkuu wetu Warwick akanigeukia akasema, "Mtoto ni wako, bwana, nani anamjua kama wewe? Ukisema tupande, tunapanda."

Nilimweleza mke wangu, Trudi, akiwa anamenya viazi. Hakuinua hata uso.

"Umemuuliza Rohan?"

"Nimuulize nini? Tangu mdogo analala na jezi yetu."

"Na nani alikuwa anamvalisha?"

Nikachukua kisu nikaanza kumenya naye. Ukweli ni kwamba Rohan alipotoka kuhojiwa na watu wa Perth alikuja mezani anaongea pai ikiwa bado mdomoni, "Baba, kule ukimaliza mazoezi bahari hii hapa, unachukua ubao wako unaingia kwenye mawimbi." Nikamwambia bahari ya kule ina papa. Akacheka kidogo, akamaliza kula, na tangu siku hiyo Perth hajaitaja tena. Je, niseme tupande?

Tisini na Tisa

*

Ndugu yangu Tisini na Tisa,

Umeficha jina lako halafu ukaandika kila kitu kingine, kwa hiyo magharibi nzima imeshakujua, na Declan naye anasoma gazeti hili. Mpigie simu umwombe radhi kabla hajakupigia yeye.

Pole. Nasema pole kwa dhati, maana mechi moja ni kitu kidogo kwa anayehesabu na kikubwa kwa aliyeikosa. Kutamani si kosa. Mzazi gani asiyetaka kumwona mwanawe amesimama pale alipoondolewa yeye? Lakini hamu yako imekua mpaka imepewa kiti kwenye kikao cha klabu, na hapo ndipo tunapogombana.

Tuanze na mpira. Mimi ni shabiki wa timu ya upande wa pili wa mto, kwa hiyo fanyeni ujinga mkipenda, nitashangilia. Ila msimu uliopita mafowadi wenu walifunga vya kutosha na bado mkafungwa, kwa sababu nyuma kwenu ni mlango usio na kitasa. Sasa mtoe beki pamoja na zamu mbili, mwongeze fowadi mdogo mwingine? Angekuwa mtoto wa jirani ungewaambia nini wakubwa zako? Unalijua jibu, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumuuliza msaka vipaji mwenzako. Na siku Rohan atakapokosa goli, uwanja mzima utamkumbusha alivyogharimu. Bei hiyo utakuwa umempangia wewe, ataibeba yeye.

Huyo Warwick naye amekutupia mzigo wake, na wewe ukaupokea kwa mikono miwili. Jumatano ingia, sema, "Mimi ni baba yake, siwezi kuamua hili," kisha utoke na mlango uufunge. Akinuna, anune.

Tuje kwenye sheria yenu ya baba na mwana, ambayo wewe umeililia miaka yote hii. Hata ungecheza mechi mia tatu, klabu isingemchukua mpaka mwenyewe akubali. Mtoto huulizwa kwanza. Sehemu hiyo haina hesabu ya mechi, baba yeyote anaweza kuitimiza akiwa jikoni kwake, na ndiyo sehemu pekee uliyoiruka. Mkeo amekwambia kwa maneno machache kuliko yangu, wewe ukakimbilia viazi. Mwanao alikuletea furaha yake mezani, wewe ukamletea papa.

Pengine atasema anaitaka Yarrabee kuliko kitu chochote. Vizuri, hata hivyo Jumatano unatoka nje, wataamua wenye kikao. Pengine atasema Perth, na moyo utakuuma, uuache uume. Ila usiende kwa mkuu wako kabla hujaenda kwa mwanao. Muulize leo, akishakaa kula, na ukishauliza usimkatize mpaka amalize. Ana miaka kumi na minane, nchi nzima inamgombania, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini.

Noreen