Miguu ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu Mutheu, usicheke. Kwa ukoo mimi ni nyanya yako hata kama bado nanyonyesha. Mtoto ameota jino, na mahindi huku Katelembo yamebeba vizuri.

Umeniuliza, toka huko chuo cha uuguzi, kama kweli daktari anaweza kuujua moyo mgonjwa kwa macho na vidole tu.

Mwaka ule nilipoolewa, miguu ya mama mkwe ilijaa. Majirani wakanisifu kanisani: "Huyu msichana anajua kulisha!" Nami nikazidi kupika. Lakini akaanza kulala ameketi, akihema, tukampeleka hospitali Machakos.

Daktari alimtazama shingo, mshipa umefura unacheza. Akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki pale pale. Mutheu, nilishtuka mpaka nikashika ukuta!

"Huku si kunenepa, mama. Ni maji. Moyo umechoka kusukuma damu."

Picha ya moyo ilikuja kusema vilevile.

Dawa zilipotoa maji, akabaki mwembamba. Jumapili akaninong'oneza mlangoni pa kanisa, "Leo watasema unaninyima chakula!" Akacheka sana, bila kuhema.

Wewe ukiona miguu imejaa, bonyeza kwanza, mjukuu wangu. Sifa zitangoja.