Miiba Mlangoni kwa Dada Germana

Jumapili, 5 Agosti 1979

Ukungu mpaka saa nne. Kanisani nimeimba besi mpaka wasichana wa mbele wakageuka. Walimu walinitoa darasa la sita, lakini sauti hii hawakuitoa!

Shemeji Clemensi bado. Aliondoka na mgambo Desemba kwenda vitani Uganda. Redio ilishatangaza tangu Aprili kwamba Kampala imeanguka, na yeye kimya, hata neno. Kwa hiyo mwanaume wa nyumba hii ni mimi, Felisiani. Dada Germana analima, mimi nalinda. Nikitoka safari na lori la Shaabani, mimi utingo wake, nalala hapa.

Dada hali chakula. Akisikia gari barabarani anaacha mwiko sufuriani, anatoka mbio. Nikamtania—dada, utakonda hivyo shemeji akirudi akuulize wewe mke wangu yuko wapi. Zamani angenirushia kuni. Leo hata hakunitazama.

Jumanne, 7 Agosti

Nimeogopa. Naandika kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Nimemkuta dada nyuma ya zizi ameinama, kanga imelowa damu. Mimi huyu, niliyewahi kumvuta mtu chini ya tairi, nikarudi nyuma. Akasema si kidonda, ni mambo ya wanawake. Nikamwuliza, sasa mbona umejificha? Ndipo akasema hajaona siku zake tangu Krismasi, na leo zimekuja zote kwa mpigo.

Sikutaka kujua habari hizo! Lakini mama yetu ni marehemu. Angemwambia nani?

Jioni alikwenda kufua kijitoni. Mama Clemensi, mkwe wake, akamkuta na ile kanga. Aligeuka akarudi na ndoo yake tupu.

Ile ndoo tupu siipendi.

Jumatano, 8 Agosti

Nimembembeleza Shaabani atupeleke hospitali ya misheni. Akanicheka—tanboi, leo umekuwa mkunga? Nikamjibu bora mkunga kuliko dereva anayesinzia kwenye kona. Akampa dada kiti cha mbele, mimi juu ya magunia.

Daktari ni mwanamke, mfupi, mkali. Alinitoa nje. Sawa, nikatoka—mpaka chini ya dirisha. Masikio yangu hayahitaji cheti.

Akamwuliza unalala? Unakula? Tangu lini? Dada akalia. Tangu alipoondoka, daktari. Kila gari nasema wameleta habari ya kifo.

Daktari akampima. Akasema hakuna mimba, wala hapakuwa na mimba. Kila mwezi yai la mwanamke hupevuka, hutoka. (Yai! Nikajiziba mdomo nisicheke. Baadaye sikuona cha kuchekesha.) Mwili ukikaa kwenye hofu muda mrefu, akasema, tena bila chakula na usingizi, kichwa kinaacha kutuma amri. Yai halipevuki. Siku zinapotea. Zikirudi huweza kuja vibaya, kama hivi. Si uchawi wala laana. Dada akauliza, nitazaa? Maana ndoa ina miaka mitatu na hana mtoto. Daktari akasema inawezekana, hofu ikipungua, lakini hawezi kuahidi. Kula. Lala. Usiishi peke yako na mawazo.

Hayo tu. Nikasema kumbe rahisi!

Ijumaa, 10 Agosti

Si rahisi.

Nimerudi kutoka Nainokanoka, nimekuta matawi ya miiba mlangoni kwa dada. Metimani, kama kwetu tunavyoita! Wamemtenga. Mwanamke akiharibu mimba, wazee wa kwetu wanafanya hivyo—asichote maji na wenzake, asipite karibu na ng'ombe wa watu, asiombe moto kwa jirani. Na mwanamke akiificha, ndiyo mbaya zaidi, wanasema nuksi yake inaua. Padri anaikemea kila mwaka. Watu wanaitikia amina, wanakwenda kukata miiba.

Nilikwenda kwa Mama Clemensi kifua mbele. Mama, daktari amesema hapakuwa na mimba! Ni hofu imezuia siku zake, sasa zimerudi! Nikaeleza na habari ya yai, yote, kama mwalimu.

Akaniangalia. Hofu? Mimi nilizaa saba, mwaka wa njaa nikazaa, mwaka wa nzige nikazaa. Usinifundishe tumbo, wewe kijana wa kupanda malori.

Kisha akashusha sauti. Mwanangu ana miezi minane hayupo. Hiyo mimba ni ya nani? Na juzi dada yako ameonekana kiti cha mbele kwa Shaabani.

Kiti cha mbele! Mimi ndiye niliyempandisha!

Nilitaka kumtukana. Lakini akanishika mkono. Akasema, nuksi ikimfuata Clemensi huko aliko, utanirudishia wewe? Yeye naye halali.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeruka miiba, nimeingia. Kwa hiyo na mimi nimetengwa. Sawa! Wenye ng'ombe wamemwambia Shaabani tanboi asishike mifugo yao. Wasichana sokoni wamehama njia. Hata besi yangu haikunisaidia.

Dada hajala tangu jana. Nimempikia ugali, umeungua, nikamwambia hata wa jela ni mtamu kuliko huu. Akatafuna mara mbili akaacha. Daktari alisema kula, lala. Atalala vipi? Kila sauti ya mtu nje anakaa kitako.

Ameniuliza, Felisi, na kama akirudi akiwaamini wao?

Nikasema nitampiga. Akasema acha ujinga. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa nisije nikalia.

Jumatatu, 13 Agosti

Yupo! Clemensi yupo!

Naandika nimesimama kando ya ghala la dada, daftari nimeliegemeza ukutani. Shaabani amemshusha barabarani sasa hivi. Mzima. Mwembamba, buti za jeshi, sikio moja halisikii. Mama yake alimfikia kabla hajatua begi, akamkumbatia, akalia, na palepale akamwaga yote. Mimba. Kanga. Kiti cha mbele.

Clemensi amekuja mpaka kwenye miiba, akasimama. Nikamwambia yote harakaharaka, upande wa sikio zima. Shemeji, muulize daktari, ni hofu, yai halikupevuka, damu ilipotea tangu Krismasi—

Akanikatiza. Alikuwa anaogopa nini?

Wewe, nikasema. Kufa kwako.

Shaabani nyuma amezima lori, na mlio wa mwisho wa injini umemshtua shemeji akainama kama anakwepa kitu. Watu wameona. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Mama yake anamwambia ukivuka hapo, kwangu usikanyage. Anamwambia kwa kulia, si kwa ukali.

Shemeji ameshika tawi moja la miiba. Halivuti. Haliachii.

Dada ndani amesikia buti. Anauliza nani yuko hapo. Felisi, nani yuko hapo? Anauliza tena, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto, na sisi wote tumesimama hapa, tunamtazama shemeji, maana jibu ni lake.