Maiti Hapumui

Jumatatu, 8 Julai 1996. Kasulu

Yeremia,

Sare za shule tangu asubuhi. Shingo ngumu kama gogo. Nimefunika cherehani mapema nikajifungia chumbani. Blanketi chini ya mgongo, mto chini ya magoti, mikono wazi, macho nimefumba. Napumua polepole. Nesi Mwanaidi, aliyehamishiwa zahanati yetu kutoka Tanga, ndiye aliyenifundisha, nilipomwambia kwamba tangu tukuzike silali na kifua kinabana. Anaiita yoga ya kupumzika. Hakuna kujinyonganyonga. Unalala tu, mpaka mwili ukumbuke kulegea.

Usingizi umerudi. Kichwa hakigongi tena.

Jumatano, 10 Julai

Dada yako Eliza kanichungulia dirishani. Akauliza nafanya nini. Nikasema yoga. Yeye akasikia uyoga, akaenda kusimulia sokoni. Soko zima limecheka: uyoga gani huo unaoota kiangazi, tena chumbani kwa mjane. Hata mimi nilicheka. Kisha nikamweleza Eliza kwamba kulala vile huitwa mkao wa maiti. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 12 Julai

Mama yako ameambiwa. Anasema matanga yalishaanuliwa na mkeka ukakunjwa. Anayelala kama maiti katika nyumba iliyotoka kuzika anaita kifo cha pili. Niache, au nirudi kwa kaka yangu kule Kumsenga.

Nimemjibu kwa adabu. Siachi. Wala siondoki. Nyumba hii niliikandika kwa mikono yangu, wewe ukiniletea maji na kunipaka tope puani.

Nina hasira. Kifua kimebana tena.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada wamekuja akina mama wa kanisa kuniombea. Mama yako kawaita. Nikawakaribisha, nikawapa viti. Kisha nikatandika blanketi palepale sebuleni, nikalala mbele yao.

Wakaimba. Nikapumua.

Eliza akasema, "Mwoneni, anajizoeza kaburi."

Sikufumbua macho. "Wifi, maiti hapumui. Mimi ndiyo kwanza naanza kupumua."

Wimbo ukafifia. Mmoja wao akanong'ona kuuliza kama inasaidia na kiuno. Sikuinuka.

Mama yako katoka. Chakula changu hakukigusa. Huenda kesho akanifungia mizigo. Afunge. Nitaifungua.

Jumatano, 17 Julai

Mizigo haikufungwa.

Mchana nilikuwa nimelala chali. Mteja akabisha, anataka gauni lake. Nikasikia Mama yako akiburuta kigoda mpaka mlangoni.

"Anapumzika, mwanangu. Urudi jioni."

Basi. Akabaki pale mlangoni, anapukuchua maharage.

Mabega yamelegea. Nimekuwaza ulivyokuwa ukivua viatu bila kuinama, kisigino kwa kisigino. Sikulia.

Mimi nipo, Yeremia. Nawe unikumbuke.